Redempta na Darubini ya Saktun

Mayai yaliyopona ndiyo yaliyokuwa kazi ya Redempta.

Kila Ijumaa ya majira ya baridi, baada ya sala, kundi la wazee lilikutana kwenye uwanja wa kulenga shabaha nje ya Dubai, kando ya njia iendayo Hatta. Wote walikuwa watu ambao jamaa zao walitoka Unguja zamani, na wote walikuwa na bunduki za kibali, zile ndogo za risasi nyembamba ambazo watu wa nchi ile huziita saktun. Walisimika mayai mabichi juu ya vigingi mbele ya tuta la mchanga, kila mzee matano yake, wakajilaza kifudifudi juu ya mazulia, wakayalenga. Yai lililopasuka lilikuwa sifa ya mpigaji. Lililopona liliokotwa, likachemshwa, likaliwa na wenzake, na kila aliyelimenya alilazimika kusema kwa sauti analila yai la nani. Redempta ndiye aliyekaa chini ya turubai na jiko la gesi na sufuria.

Msimu uliopita siku moja alichemsha mayai yote matano ya Bwana Thuwein, mzee aliyekuwa akimpikia nyumbani.

"Nalila yai la Thuwein," alisema mzee Ghanim, shemeji yake Thuwein, huku akilichovya kwenye chumvi iliyochanganywa na pilipili manga. "Zuri, yakhe. Halina hata mkwaruzo. Kuku angejua litapona hivi, angelilalia mwenyewe."

Wazee wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na kiini. Bwana Thuwein akacheka nao, akampigapiga mgongoni aliyepaliwa, akaomba kahawa. Lakini Ijumaa iliyofuata alisema goti linamuuma. Nyingine ikawa kifua. Bunduki ikafungiwa kabatini, na Redempta akabaki nyumbani siku za Ijumaa akisikiliza mashine ya baridi ikivuma, sufuria yake ya mayai imefunikwa kifudifudi juu ya rafu.

Redempta alikuwa mtu wa Ngara, mwanamke wa miaka thelathini na ushei, mpole wa sauti na mwepesi wa kucheka. Alifika Dubai mwaka 2011 kufanya kazi kwenye mkahawa mmoja wa Jumeirah Lake Towers, chini ya minara ya vioo, mahali ambapo kutwa nzima alisema maneno yaleyale ya Kiingereza kwa watu wasiomtazama usoni. Siku moja alikuwa kwenye ngazi za nyuma akizungumza na dada yake kwa simu, ndipo mwanamke mmoja wa baibui akasimama kumsikiliza bila kujificha.

"Dada, Kiswahili hicho umekitoa wapi?"

Yule alikuwa Bi Masuda, bintiye Bwana Thuwein. Mama yake alikuwa ameshafariki, baba alishinda peke yake katika nyumba yake mtaani Rashidiya, na wajukuu wakisemeshwa Kiswahili hujibu kwa Kiarabu. "Nataka mtu wa kumpikia baba," Bi Masuda alimwambia. "Lakini zaidi nataka mtu wa kubishana naye. Ubishi ndio dawa yake."

Mambo ya kafeel, mdhamini wa kibali cha kukaa, yakashughulikiwa, Redempta akahama na sanduku lake moja. Akabishana na mzee juu ya wali, juu ya nazi, juu ya kama ndizi mbichi ni chakula au ni adhabu. Mzee aliziita adhabu mwezi mzima, kisha akaanza kuuliza kila Jumatano mbona hajaiona ile adhabu. Redempta alikuwa na chumba chenye dirisha, na Alhamisi usiku aliweka saa imwamshe aende misa ya alfajiri ya Ijumaa, maana huko hata Wakristo husali siku hiyo. Misa ikiisha, Ramathan dereva humpitia na gari kumrudisha nyumbani, na baada ya sala ya mchana mzee huingia kiti cha mbele, bunduki ndani ya mfuko wake nyuma, na njia nzima ni hadithi. Kama ungemuuliza Redempta raha yake ilikuwa wapi Dubai, asingekutajia duka wala mnara. Angekutajia barabara ile, mchanga ukianza kuwa mwekundu, na mzee akimsimulia jambo alilokwisha kumsimulia.

Ndiyo maana majira yale ya mayai kuliwa yalimwuma na yeye. Bila Ijumaa, mzee alikuwa akisema tu akiulizwa.

Basi mwaka 2014, joto la mwezi wa kumi lilipoanza kulegea, Bwana Thuwein aliweka kikombe chini wakati wa chai ya asubuhi akasema, "Leo twenda kununua darubini."

"Ya kutazama ndege, Babu?"

"Ya bunduki, bibi wee. Daktari kanieleza. Mtu akilenga kwa macho matupu lazima aone vitu vitatu kwa mpigo: kile kipengee cha nyuma ya bunduki, kinundu cha mbele, na yai lenyewe. Jicho la kijana larukaruka baina ya vitatu hivyo kama mbuzi. Langu likishika kinundu, yai lapotea. Likishika yai, kinundu chawa moshi. Darubini yaviweka vyote mahali pamoja."

Redempta aliendelea kupaka siagi. "Lakini kule kioo si marufuku?"

Ilikuwa marufuku, na aliyeipiga marufuku alikuwa yeye mwenyewe. Miaka mingi nyuma Ghanim alikuja na darubini ndefu ya Kijerumani, inang'aa, na Bwana Thuwein akasema mbele ya watu, "Mwenye kioo akatazame mwezi. Hapa twapiga kwa macho." Wazee wakapiga makofi, Ghanim akaifungua palepale parafujo kwa parafujo, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kuleta kioo.

"Kwanza tuone kama chanifaa," alisema mzee. "Sheria baadaye. Lakini nakwambia weye, na usimwambie Masuda. Nikenda msimu huu wakayala mayai yangu tena, bunduki nampa mpwa wangu. Khalas. Kabatini naweka viatu."

Hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili. Redempta akatafuta viatu vyake ili watoke.

Darubini ya kwanza waliinunua kwenye duka la mahema na majiko ya kambi. Muuzaji alikitazama kibali cha mzee, akaleta mbili tatu, na Bwana Thuwein akachagua iliyo kubwa kuliko zote. Ilikuwa na uwezo wa kukuza na kupunguza, ilikuwa nyeusi kama wino wa pweza, na bei yake haikumshtua mtu aliyezoea kununua nguru mzima. "Yafanana na ile ya Ghanim," alisema, akiipakata mapajani njia nzima.

Siku ya katikati ya wiki, uwanja ukiwa mtupu, walikwenda kuijaribu. Shida ikaanza kabla ya risasi. Juu ya saktun ya mzee kulikuwa na vifereji viwili vyembamba vya kushikia darubini, na pete zilizokuja na ile darubini zilikuwa na meno mapana ya bunduki kubwa. Zilikaa juu ya vifereji bila kuuma.

"Mzee, hii kitu imekataa," alisema Ramathan, ambaye alikuwa Mganda na Kiswahili chake kilikuwa na njia zake. "Lakini tunaweza kuisaidia." Akachana boksi la sharubati ya embe, akakunja kipande, akakipachika chini ya pete, akakaza mpaka kikalia.

Mzee akajilaza, akaweka jicho. Akainua kichwa, akafuta kioo kwa ncha ya kanzu. Akaweka jicho tena. Akafuta tena.

"Kuna nini, Babu?"

"Ukungu."

Garini mashine ya baridi ilikuwa ikipuliza kama bucha, na nje hewa ilikuwa nzito, yenye unyevu wa bahari ambao katika miezi ile humfuata mtu hata jangwani. Kioo kilichotoka kwenye baridi kilikuwa kimetoka jasho. Mzee akafuta mbele, akafuta nyuma, akapulizia, akafuta.

"Mzee," alisema Ramathan, "jasho liko ndani ya nyumba. Wewe unapangusa ukuta wa nje."

Walingoja mpaka ukungu ukaisha wenyewe. Hapo mzee akapiga, na kila risasi ikaenda ilikotaka. Redempta, aliyeshika darubini ya mkono kumwonesha zinapotua, alisema kushoto, akasema juu, akasema hiyo sijaiona kabisa. Na mzee akagundua jambo jingine: akisogeza kichwa kidogo tu, ile alama ya msalaba ndani ya kioo nayo inahama juu ya yai, ingawa bunduki haijatikisika.

"Hii ni darubini au bembea?" alisema.

Akasimama, akajipangusa mchanga magotini. Redempta alimtazama usoni akaona pale ndipo mtu anapoanza kufikiria viatu vya kuweka kabatini.

"Babu," alisema, "ulichagua kwa kumtazama Ghanim. Tutafute mtu tumuulize."

Mtu huyo alikuwa Hafiz, mwenye duka katika kichochoro cha Deira, lililojaa vikofia vya kufunika macho ya mwewe, glavu za ngozi, na vifaa vya bunduki katika makabati ya kioo. Alikuwa mwana wa Mombasa, mnene, na miwani aliivaa juu ya paji la uso. Aliipokea ile darubini kwa mikono miwili, akaigeuza.

"Na hili boksi la sharubati ni la kazi gani?"

"Usiulize," alisema Bwana Thuwein.

"La embe," alisema Hafiz, akilinusa. "Sasa, mzee wangu, hukuibiwa. Hii ni darubini ya bunduki kubwa. Imetengenezwa kwa shabaha ya mbali sana, ndiyo maana kwa yai la karibu alama yahama ukitikisa kichwa. Nawe wanunua ukuzaji ambao huuhitaji, kisha fundi ili auze rahisi apunguza mahali usipopaona. Hapa kwenye viungo ndipo hewa yenye maji huingia. Saktun yataka kitu kidogo. Haina kishindo, haiitikisi darubini, basi hata ya bei nafuu yadumu. Ila iwe yake."

"Ghali haimo," alisema Bwana Thuwein. "Bunduki yenyewe ni kongwe. Siwezi kumvisha punda tandiko linalomshinda thamani."

"Wala sikuambii. Keti."

Hafiz alileta nne, zote za rahisi. Lakini mzee alikuwa amekwisha kukosea mara moja. Kabla ya kutazama hata moja, aliagiza zote ziwekwe mbele ya mashine ya baridi, zikae hapo kama matikiti maji, na wakati zinapoa wakanywa chai. Kisha akazitoa nje moja moja, kwenye joto la kichochoro, akazielekeza kwenye ubao wa duka la vitambaa lililo mwisho wa njia. Mbili zilitoka jasho kwa ndani. Wapita njia walimwona mzee wa kanzu nyeupe akichungulia duka la vitambaa kwa darubini ya bunduki, wakampisha kwa heshima kubwa.

"Hebu jaribu na hii," alisema Hafiz, akampa kidude kifupi kama kopo. "Haikuzi kitu. Yaonesha nukta nyekundu tu. Weka nukta juu ya yai, yalla, piga. Vijana waipenda."

Mzee akaweka jicho. "Nukta iko wapi?"

"Katikati."

"Katikati naona komamanga lililoangushwa."

Hafiz akachungulia mwenyewe. Nukta ilikuwa duara safi. Akampa Redempta, naye akaona duara safi. "Basi ni jicho lako, mzee," alisema Hafiz taratibu. "Si dhambi. Macho mengi hufanya hivyo. Lakini nukta haitakufaa, hata ya bei kubwa."

Ikabaki moja: fupi, nyembamba, isiyo na ukuzaji wa kugeuzageuza, imepangwa kwa umbali mdogo, na pete zake zina meno membamba. Hafiz alizijaribisha kwenye kipande cha chuma chenye vifereji kama vya saktun, zikauma. Mzee aliitoa nje tena, akakaa nayo kwenye joto mpaka Ramathan akaanza kupiga honi. Haikutoka jasho.

Siku mbili baadaye, uwanjani, mayai yalipasuka. Si yote, lakini yalipasuka, na kiini kikaruka manjano dhidi ya mchanga, na Redempta akapiga kigelegele peke yake katika uwanja mtupu hata mlinzi akatoka kibandani kwake kuuliza kuna harusi gani.

Jioni ile Bwana Thuwein akampigia simu Ghanim ili aombe sheria iondolewe. Redempta alikuwa jikoni, mlango wazi. Alimsikia akiulizia goti la Ghanim. Akamsikia akiulizia bei ya vitunguu. Wakazungumza juu ya jirani aliyekufa Maskati na juu ya mjukuu aliyefeli hesabu, na kila mara mzee alikohoa kama anayetaka kuingia mahali, kisha akapita mlango.

"Msimu huu waja?" Ghanim aliuliza, sauti yake ikivuma hadi jikoni.

"Naja, inshallah."

"Njoo na macho yako basi. Mwaka jana uliyaacha nyumbani."

Simu ilipokatika, mzee alikaa na darubini ndogo mikononi.

"Hukumwambia," alisema Redempta.

"Nimwambie nini? Kwamba yale maneno niliyomtoa nayo machozi mbele ya watu, leo nayataka yafutwe kwa sababu zamu imenifikia miye? Bora wale mayai."

Akairudisha darubini kwenye kikasha chake, akafunika.

Asubuhi yake kulikuwa na dawa mpya ya kifua. Redempta alimpa boksi ili ajisomee mwenyewe, kwani mzee hakukubali kumezeshwa kitu asichokisoma, na miwani yake ilikuwa chumbani. Mzee hakuisumbua miwani. Alifanya alivyozoea: akakunja kidole cha shahada mpaka katikati ya mkunjo pakabaki kitundu kidogo kama cha sindano, akakiweka kwenye jicho, akasoma maandishi madogo yote, mpaka jina la mji dawa ilikotengenezwa.

Redempta alikuwa ameuona mchezo ule tangu alipofika. Siku zote alidhani ni utani wa kizee, kama wengine wanavyotembea na fimbo wasiyoihitaji. Leo alisimama na glasi ya maji mkononi.

"Babu, mbona kwa kitundu hicho unaona bila miwani?"

"Naona tu. Tangu utotoni. Baba yangu alifanya hivi."

"Na kitundu hakina kioo."

Mzee akashusha kidole. Wakatazamana.

"Sasa nilenge na kidole machoni," alisema pole pole, "na bunduki niishike kwa mguu?"

"Sijui mimi. Hafiz atajua."

Hafiz alipoelezwa alijipiga paji la uso, miwani ikaanguka juu ya kaunta. "Wallahi, basi mwataka tundu! Nami nakaa nawauzia vioo!" Akainama, akavuta droo ya chini kabisa, akatoa mkebe wenye vumbi. Ndani mlikuwa na kidude cha chuma, kama sarafu iliyosimama wima juu ya mguu, na katikati yake kitundu. "Hii hufungwa nyuma ya bunduki, karibu na jicho, mahali pa kile kipengee cha zamani. Watazama ndani ya tundu, hulitazami tundu. Jicho lenyewe hutafuta katikati. Na kadiri tundu lilivyo dogo, ndivyo kinundu na yai huonekana safi kwa pamoja. Ni ya bei ya chini kuliko vyote nilivyokuonesha, na hakuna anayeiulizia. Kila mtu ataka kioo."

"Na jioni, mwanga ukipungua?" aliuliza mzee.

"Hapo itakuangusha. Sikudanganyi. Lakini jua la Hatta walijua mwenyewe."

Bwana Thuwein akalipa, akakataa mfuko, akaitia mfukoni mwa kanzu pamoja na tasbihi yake.

Akajizoeza mwezi mzima. Mwanzoni Redempta aliita kushoto, kushoto, na mzee akageuza kile kisukurubu cha pembeni kidogo kidogo. Baadaye aliita mara chache. Mara nyingine hakuita kabisa, na Ramathan akasema kazi yake Redempta sasa itakwisha, maana mayai ya kuchemsha hayatakuwepo.

"Funga mdomo wako," alisema Redempta, lakini alifurahi.

Ijumaa ya kwanza ya msimu ilikuwa ya mwanga mkali na upepo mdogo wa baridi. Redempta alisimamisha jiko lake nyuma ya gunia la mchanga ili moto usizimike. Wazee walishuka garini mmoja mmoja na mazulia yao mabegani, wakasalimiana kwa mashavu, wakatukanana kidogo. Bwana Thuwein alipofungua mfuko wa bunduki, Ghanim alikuwa amekwisha kuona.

"Ni nini hicho hapo nyuma?"

"Kilengeo."

"Thuwein! Kioo?"

Wote wakasogea. Bwana Thuwein akaivuta nje ya mfuko. Akamkabidhi bunduki, tupu, mdomo wake chini. Ghanim akaisogeza karibu na uso, akaigeuza kwenye jua kutafuta mng'ao. Kisha akatoa kijiti cha meno kwenye sanduku la kahawa, akakipenyeza katika tundu. Kikatokea upande wa pili. Akakivuta, akakipenyeza tena kama anayeshona.

"Hakina kioo," alitangaza, akionekana kama aliyepunjwa. "Ni hewa tupu."

"Twapiga kwa macho," alisema Bwana Thuwein.

Akajilaza. Redempta akaacha jiko, akachukua darubini ya mkono. Aliona mayai matano yamekaa juu ya vigingi, meupe, na upande wa chini yametiwa kivuli na jua.

Risasi ya kwanza ilipita pembeni, mchanga ukaruka nyuma. Mtu akaguna. Redempta akataka kusema kushoto, akakumbuka kwamba siku ya mashindano hairuhusiwi, akauma mdomo. Ya pili, yai likatoweka. Halikupasuka tu, lilitoweka, kikabaki kigingi kinachotiririka. Ya tatu, yai jingine. Ya nne ikagonga kigingi, yai likayumba, likakaa. Ya tano alingoja mno. Redempta aliuona mgongo wake ukipanda na kushuka chini ya kanzu, kisha ukatulia, na yai la mwisho likafunguka kama ua.

Wakasema wote kwa pamoja, na yule mzee aliyepaliwa mwaka jana akamnyanyua Bwana Thuwein kwa makwapa kama mtoto.

Zamu ya Ghanim ilikuja karibu na mwisho. Redempta alikuwa tayari na sufuria inachemka, lakini kitu kilimfanya arudi kwenye darubini. Ghanim alikuwa akilenga, akiacha, akifuta jicho kwa kitambi cha kilemba, akilenga tena. Akasogeza kichwa mbele. Akasogeza nyuma. Redempta aliujua ule mwendo. Aliuangalia mwaka mzima kabla hajaujua jina. Akageuka, akaona Bwana Thuwein naye anamtazama shemeji yake, na uso wake haukuwa na ushindi wowote.

Mayai manne ya Ghanim yalirudi sufuriani.

Yalipoiva, wazee wakakaa duara juu ya mkeka. Wote walikuwa wakisubiri Ghanim alipwe utani wake wa msimu uliopita. Bwana Thuwein alichukua yai, akaligonga gotini, akalimenya bila haraka. Wakamtumbulia macho.

"Nalila yai la Ghanim," alisema. Akalila. Akafuta vidole.

"Haya, maliza!" alisema Ghanim. "Sema habari ya kuku wangu. Nimejiandaa tangu nyumbani."

"Redempta," Bwana Thuwein aliita, "mwanangu, kalete kile kikasha kilicho chini ya kiti."

Redempta alikijua. Alikimbia hadi garini, akarudi nacho, na mzee akamwashiria ampe Ghanim. Ghanim akafungua, akaitoa ile darubini fupi, akaishika mbali, kisha karibu.

"Hii ni kioo."

"Ni kioo."

"Ya bei gani hii? Nyepesi hivi?"

"Rahisi. Lakini haitoki jasho, na yashika. Nimeijaribu mwenyewe."

"Na sheria?"

"Sheria niliiweka siku nilipokuwa naona," alisema Bwana Thuwein. "Leo naiondoa. Kama yupo anayepinga, aende akasimike yai alilenge, tumtazame." Hakuna aliyepinga. Mmoja alikuwa tayari ananyoosha mkono apewe achungulie.

Ghanim aliiweka darubini jichoni, akaielekeza kwenye tuta, akatulia nayo muda mrefu. "Kumbe vigingi vina rangi," alisema. Kisha, bila kuishusha, "Uliniambia nikatazame mwezi, Thuwein."

"Nilikuambia."

"Nitautazama kwanza huo mwezi. Mayai nitakuja kuyatazama Ijumaa ijayo. Kaa tayari na chumvi."

Wakacheka, kahawa ikazunguka, na ubishi ukahamia kwenye pete za darubini, meno mapana na meno membamba, na Ramathan akaitwa aeleze habari ya boksi la sharubati. Aliieleza vizuri mno, akiongeza na ambayo hayakutokea.

Yalibaki mayai mawili ya Bwana Thuwein. Kwa desturi yaliliwa na wapigaji tu, lakini mzee alichukua moja sufuriani, akalirusharusha kati ya viganja kwa moto wake, akampa Redempta.

"Sema."

Redempta akaona haya mbele ya wazee. "Nalila yai la Babu Thuwein."

"Halina hata mkwaruzo, siyo?" aliuliza Ghanim kwa upole wa hila.

Redempta aliligeuza. Lilikuwa lile la risasi ya nne. Kibanzi cha kigingi kilikuwa kimelichora ubavuni, mstari mwembamba wa kijivu.

"Linao, Babu. Huu hapa."

"Wapi? Lete."

Bwana Thuwein akalipokea, akalisogeza kwenye jua, akakunja kidole cha shahada mpaka pakabaki kitundu, akachungulia.